Mkono wa Fundi Saa Umefupika

Karibu, lakini usikae hapo, hapo pana mwenyewe. Kijiwe chetu kiko kwenye baraza ya duka lililofungwa, saruji tupu, kivuli cha bati mpaka adhuhuri, na viti vitatu tu, maana cha nne kingeleta uchaguzi. Tairi la lori lililofunikwa ubao ni la Kinyozi, ambaye hunyoa chumba cha pili na humwacha mteja na povu kidevuni akisikia ubishi umeanza. Tofali kubwa la zege ni la Wakili, mchonga funguo, tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kukubali kosa. Mahakamani kaingia mara moja tu, kwenda kutengeneza kitasa. Pipa la rangi lililojazwa mchanga, ili wezi wakilijaribu wajute, ni la Fundi Saa, mkubwa wao kwa umri. Katikati pana jiko langu, na juu ya jiko birika langu. Mimi sina kiti, nasimama, ila mdomo ninao. Sheria ya hapa ni moja: kila mtu anajimiminia kahawa mwenyewe akiwa ameketi, na atakayenyanyua kalio kulifikia birika ndiye muosha vikombe wa siku hiyo. Tangu mvua zilipokatika muosha vikombe amekuwa mmoja, Fundi Saa, na asubuhi ninayokusimulia alikuja na sanduku lake la vifaa, akaliweka miguuni, juu ya kile kizulia kilicho mbele ya pipa lake, akakaa.

— Sanduku la nini, mzee? Kinyozi akauliza. Unahama?

— Mpwa wangu anakuja kulichukua. Naacha kazi.

— Kazi gani?

— Kwani mimi nina kazi ngapi, wewe? Ya saa!

Nikaacha kupepea jiko, kipepeo cha moto mkononi. Fundi Saa kuacha saa? Huyu mtu ukimwuliza saa ngapi anakwambia kwanza ni saa ya nani.

— Mzee, nikamwambia, umeamkaje leo? Umekunywa dawa?

— Naumwa kitu kisicho na dawa. Mkono umefupika.

Wakili akapaliwa na kahawa. Kinyozi akampigapiga mgongoni, na wakatazamana. Mimi hawa wawili nawajua. Wakitazamana vile, ujue kuna jambo limelala mahali na miguu inaonekana.

— Umefupika vipi? Wakili akauliza, akifuta kidevu.

— Umefupika, basi! Zamani nilikuwa nalishika birika hapa nilipo, nimeegemea, miguu nimekunja. Tangu mvua zikatike silifikii. Nikijinyoosha, vidole vinaishia hapa. Mnaona? Hapa! Lazima ninyanyuke. Mtu akizeeka husinyaa, mimi nimeanzia mkononi.

Akanyoosha mkono, na hapo ndipo nikaona kitu kingine. Mkono wa shati ulikuwa umeishia katikati ya kiganja na kiwiko.

— Na shati je? Nalo limesinyaa?

— Mke wangu kaniamini. Nilipomweleza, akachukua mkasi akakata mikono ya mashati yote, akapiga pindo. Alisema hataki nionekane nimevaa nguo za kuazima.

Jamani. Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma, kwa sababu macho ya yule mzee yalikuwa yamelowa.

— Wiki nzima sijafungua saa, akasema taratibu. Naogopa. Kama mkono haufiki kwenye birika kubwa hivi, ndani ya saa utafika vipi? Nitaharibu mali ya mtu.

Sasa ungetegemea rafiki zake wamtulize. Wapi! Kinyozi ndiye aliyeanza.

— Hilo ni jambo la kawaida, mzee. Mimi nanyoa vichwa vya wazee kila siku. Masikio yao huwa yanakua. Unadhani yale masikio yanapata wapi nyama? Mwili hauna ghala. Unatoa mkononi, unaweka sikioni.

Fundi Saa akashika sikio lake.

— Yameongezeka?

— Kidogo. Yanakupendeza.

— Usimdanganye mzee, Wakili akaingilia. Mkono haujafupika hata kidogo. Hewa ndiyo imerefuka. Kiangazi hewa hutanuka, kwa hiyo vitu vinakaa mbalimbali. Hata mimi nyumba yangu siku hizi iko mbali.

— Iko mbali kwa sababu una deni la maneno na mkeo, nikamwambia. Nyamazeni. Mzee yuko katika shida, nyie mnaleta porojo.

Lakini hawakuwa wanacheka kama wanavyocheka siku zote. Kinyozi alikuwa anakwangua ubao wa tairi kwa kucha. Wakili alikuwa anatazama lile sanduku.

— Mpwa wako anakuja lini? akauliza.

— Yuko njiani.

— Leo leo?

— Leo leo.

— Si angengoja ngoja kwanza? Kinyozi akasema. Mwezi ujao? Mikono mingine huwa inarudi.

Kabla hajajibiwa wakatokea wasichana wawili wa shule, mmoja mrefu mwenye kamba shingoni, mwingine wa miwani, ana chaki na kipimapembe cha plastiki kilichopasuka pembeni. Wakatuamkia vizuri, tukaitika.

— Samahani, babu, akasema wa miwani. Mwalimu wetu wa hesabu ametutuma mitaani tutafute pembetatu. Kila kundi lilete moja ya kweli, siyo ya kitabuni, na lithibitishe kama ni pembetatu sawa au pembetatu pacha. Paa la fundi cherehani wenzetu wamelichukua. Kibao cha barabarani kimechukuliwa. Tumeona viti vyenu.

— Viti vyetu vina nini?

— Viko vitatu.

Fundi Saa akainua kichwa. Mtu akitaja kipimo, yule mzee anafufuka.

— Sawa ni ipi na pacha ni ipi, wajukuu?

— Sawa ni yenye pande zote tatu zinazolingana, akaeleza mrefu, na pembe zake tatu zinalingana pia. Pacha ni yenye pande mbili zinazolingana. Ule wa tatu uko kivyake.

— Basi msihangaike, andikeni sawa, akasema mzee, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu. Kijiwe hiki hakina mkubwa. Siku tulipoviweka hivi viti, mimi mwenyewe nilipima kwa mkanda wa suruali. Kila mtu na mwenzake, mkanda huohuo. Birika katikati. Hakuna wa mbele, hakuna wa nyuma.

— Ndiyo, andikeni hivyo! Kinyozi akadakia. Sawa! Nendeni mkamwambie mwalimu, mwende salama.

— Lazima tupime, akasema wa miwani. Asiyepima anarudishwa.

— Mtapimaje watu wamekaa? Wakili akang'aka. Kuna haki za mwenye kiti. Mtu hapimwi bila kuarifiwa.

— Tumearifiwa, akasema Fundi Saa. Pimeni, wajukuu. Pimeni mkono wangu ukiwa bado upo.

Wakafunga fundo moja la kamba, wakalishikilia usawa wa katikati ya pipa la Fundi Saa, wakavuta mpaka tairi la Kinyozi, wakaweka alama ya chaki kwenye kamba. Wakaizungusha mpaka kwenye tofali la Wakili. Alama ikaangukia palepale.

— Mnaona! akasema mzee. Mkanda wangu haukosei.

Halafu wakapima kutoka kwa Kinyozi hadi kwa Wakili. Kamba ikabaki ikining'inia.

— Imezidi, akasema mrefu. Hawa wawili wako karibu zaidi. Hii ni pacha.

— Haiwezekani! akasema Fundi Saa.

— Pembe nazo zinasema hivyohivyo, akasema wa miwani, ambaye alikuwa ameshapiga magoti na kipimapembe chake. Hapa kwa mwenye tairi na hapa kwa mwenye tofali zinalingana kabisa. Kwako wewe, babu, ni ndogo. Pembe zinazotazama pande zinazolingana hulingana. Nikikunja picha yake hivi, angalieni.

Akachora kijipembetatu kwenye karatasi, akaandika K, W na F, akaikunja katikati. K ikalala juu ya W.

— Ebo! Nimemlalia Wakili! Kinyozi akalia. Ifungue hiyo karatasi, watu wanapita!

— Na mstari wa mkunjo unapita kwa babu, unapita kwenye birika, unaangukia katikati yenu. Nyie wawili mko sawasawa kwa kila kitu. Kama mmepanga.

Hakuwa na maana mbaya, mtoto wa watu. Lakini Kinyozi alianza kutoka jasho kivulini. Hapo ndipo niliposhtuka. Nikalitazama pipa, nikawatazama wao, nikakiweka chini kipepeo changu.

— Ngoja, nikasema. Viti vilikuwa sawa, sasa ni pacha. Kuna kilichohama.

— Saruji! Wakili akajibu haraka mno. Saruji hutanuka kwa jua, nimeshasema. Huu upande wa mzee unapata jua la asubuhi. Umenyooka kama chapati.

— Jua hilohilo lingelitanua na tairi langu, Kinyozi akamjibu, kisha akaona alichosema, akauma ulimi. Namaanisha, tairi ni mpira. Mpira hauna habari na jua.

— Basi ni birika, akasema Wakili. Birika likichemka linatetemeka. Linatetemeka kila siku, linasogea kidogokidogo kuja kwetu. Ni birika lenye kupenda watu.

— Birika langu unalisingizia! nikamwambia. Likipenda mtu litakupenda wewe?

— Au dunia, akasema Kinyozi, na sasa alikuwa amesimama kabisa, anazungusha mikono. Dunia si inazunguka? Kitu kikizungushwa, kizito kinarushwa nje. Sasa kati yetu hapa nani mzito wa akili? Mzee! Dunia inamvuta nje kwa sababu ya akili! Mimi na Wakili hatusogei, hatuna cha kuvutwa.

— Hilo nakubali, akasema Wakili. Mbele ya mashahidi, nakubali.

Hajawahi kukubali kitu tangu nimfahamu. Nikajua tayari.

Fundi Saa hakuwasikiliza. Alikuwa amejiinamia, ameweka viwiko magotini, anaitazama ile kamba sakafuni kwa lile jicho lake la kutazamia saa, la pili amelifumba.

— Wajukuu, ingekuwa sawa, mimi ningekaa wapi?

— Hiyo rahisi, babu, akasema mrefu. Tunachukua kamba ya urefu wa upande wao, huu mfupi. Tunaishika kwa mwenye tairi, tunazungusha chaki. Tunaishika kwa mwenye tofali, tunazungusha tena. Mistari inapokatana, hapo ni umbali uleule kutoka kwa wote wawili, na ni sawa na umbali wao. Hapo ndipo penye kiti chako.

Wa miwani akashika kwa Kinyozi. Mrefu akazungusha, chaki ikalia krrr juu ya saruji, ikachora upinde mzuri, ikafika kwenye kizulia cha Fundi Saa, ikakwama.

Hiki kizulia nikueleze. Kilikuja kijiweni mvua zilipokatika. Kinyozi na Wakili walikileta kwa pamoja, wakakitandika mbele ya pipa kwa heshima zote, eti mzee asikanyage saruji ya baridi. Fundi Saa aliwashukuru mpaka nikaona haya. Mimi nilikuwa nafagia kukizunguka, na kwa mdomo wangu huu niliwasifu, nikasema kumbe hata nyie mna malezi.

— Tuondoe zulia kidogo, akasema mrefu. Chaki haichori hapa.

— Zulia la mzee haliguswi! Kinyozi akaruka.

— Ni zawadi hiyo, akasema Wakili. Kisheria zawadi ikishatandikwa haikunjwi.

— Ondoeni, akasema Fundi Saa. Akalichukua sanduku lake akalipakata, akainua miguu yake mwenyewe.

Mrefu akalikunja zulia. Chini yake kulikuwa na kovu la kutu, duara la kitako cha pipa, limekomaa kwenye saruji. Sehemu yake nyingine ilikuwa imeingia chini ya pipa lenyewe. Wasichana hawakushughulika nalo, wao walikuwa na kazi yao. Wakamalizia upinde wa kwanza. Wakahamia kwa Wakili, wakachora wa pili. Mistari ikakatana katikati ya lile duara kabisa.

— Pamepatikana! wakashangilia. Babu, ungekaa hapa!

Birika tu lilikuwa linanong'ona. Kinyozi alikuwa amegundua kitu cha maana sana juu ya bati. Wakili, mtu asiyekosa jibu, alikuwa anahesabu funguo zake.

— Kuna jambo moja tu silielewi, akasema wa miwani, akijifuta chaki kwenye sketi. Pipa lingesogea lenyewe lingeenda ovyo, kushoto au kulia, na kamba mbili zisingelingana. Hili limerudi nyuma moja kwa moja, kwenye ule mstari wa mkunjo. Ni kama limevutwa pande mbili kwa nguvu zinazolingana.

— Dunia, Kinyozi akanong'ona, lakini hata yeye hakuiamini tena.

Ndipo mpwa akafika. Mwanamke wa makamo, mkoba begani, aproni ya kazi bado kiunoni, amekuja mbio mbio kwa sababu kibanda amekiacha na mteja. Akamwamkia mjomba wake, akatuamkia sote. Akaona chaki sakafuni, akaona watu wazima wawili wanatazama juu, akaona zulia limekunjwa na kovu lile la kutu. Hakuwa anajua lolote, wala hakuwa na haraka ya kujua. Aliuliza kama mtu anavyouliza akikuta mlango uko wazi.

— Kwani hili zulia nani aliliweka hapa?

Wakili alikohoa kikohozi kirefu, kikaisha, na swali likawa bado liko palepale. Wale wasichana walitugeukia mmoja mmoja. Mimi jibu nilikuwa nalo mdomoni, lakini halikuwa langu la kutoa.

Fundi Saa alinyoosha mkono mbele ya uso wake. Akauangalia juu na chini, akakunja vidole, akavikunjua. Akavuta kile kipande cha mkono wa shati kilichobaki.

— Mashati yote, akasema. Mpaka la harusi ya binti yangu.

— Mzee, akaanza Kinyozi. Ilikuwa...

— Rudisheni pipa.

Akasimama, sanduku kifuani. Na hapo ndipo wakajimaliza. Lile pipa limejaa mchanga, mtu mgeni nalo angelizunguka kwanza akitafuta pa kushika. Wale wawili hawakuulizana chochote. Kinyozi alipita kulia, Wakili kushoto, vidole vikaingia chini ya ukingo palepale panapostahili, mmoja akaashiria kwa pua, mwingine akaitikia kwa goti, na pipa likapanda na kutua kwenye duara lake, halikulia hata kidogo. Mrefu alipiga makofi, hajui anachokipigia.

— Mmezoea, akasema mpwa.

Wakili akakubali kwa kichwa. Mara ya pili siku moja.

Fundi Saa akakaa. Akajiegemeza, akakunja miguu kama zamani. Akanyoosha mkono, na ule mkono mfupi ukaenda, ukaenda, ukalishika birika mpini, kalio liko chini, limetulia. Akaliinua akamimina. Likatoka tone moja jeusi, basi. Kahawa ilikuwa imeisha wakati tunabishana. Lakini alikicheka kile kikombe kitupu mpaka machozi yakamtoka tena, safari hii ya namna nyingine, na nikamwacha acheke, sikumwambia ngoja nichemshe nyingine.

— Mjomba, mpwa akasema, nimeacha mteja. Nipe sanduku niende.

— Sanduku gani?

— Hilo ulilolipakata.

Fundi Saa akalishusha, akalifungua, akatoa kile kioo chake cha jichoni, akakipuliza vumbi, akakibana jichoni.

— Rudi nikizeeka, akamwambia.

Wasichana waliondoka na pembetatu mbili, moja pacha na moja sawa, na nilisikia baadaye kwamba mwalimu aliwauliza walivyopata mbili kwa viti vitatu. Vikombe vilioshwa siku ile na watu wawili, bega kwa bega kwenye karai langu, kila kimoja kimesuguliwa mara kadhaa. Walipomaliza, Wakili aliuliza kwa sauti ndogo kama kwangu pana sindano na uzi, maana kuna mikono ya mashati ya kurudishiwa.